Pembetatu kwenye saiti: kutoka kiwanja mpaka geti

Ukipima pande nne za kiwanja ukaziandika kwenye karatasi, bado hujakipima. Chukua fito nne, zipigilie msumari mmoja mmoja kwenye kona, kisha sukuma kona moja. Hakuna upande uliobadilika urefu, lakini umbo zima limelala. Fito tatu hazilali. Pande tatu zikishajulikana urefu, umbo linalotoka ni moja tu.

Kila mtu aliyefika darasa la saba amelisikia jambo hili, na wengi waliliacha palepale ubaoni. Tumesimamia nyumba za kawaida za kutosha kujua kwamba linaumiza mifuko ya watu kuliko saruji na nondo zinazozungumzwa kutwa. Anayejenga nyumba yake ya kwanza, anasimamia mwenyewe, na fundi wake ameelekezwa na jirani, ndiye tunayemwandikia. Tumefuata kazi inavyokwenda, tangu siku ya kutoa pesa ya kiwanja.

Tuseme kiwanja hakijapimwa rasmi. Dalali anazunguka na futi kamba: mbele mita 26, ubavu wa kulia 28, nyuma 25, ubavu wa kushoto 25. Anajumlisha mbele na nyuma, anagawa kwa mbili, anapata 25.5. Anafanya hivyohivyo kwenye mbavu, anapata 26.5. Anazidisha, anatangaza mita za mraba 676, na bei inapigwa kwa hizo. Njia hii hukosea upande mmoja siku zote: kiwanja kisichokuwa mstatili kamili huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Tena kwa pande hizo nne, hata ukizikunjaje, 676 haipatikani.

Dawa yake ni kipimo kimoja cha ziada. Pima kona kwa kona, kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia. Ikitoka mita 30, kiwanja kimegawanyika kuwa pembetatu mbili zinazojulikana: ya kwanza ni 26, 28 na 30, ya pili ni 25, 25 na 30. Kwa kila moja jumlisha pande tatu, gawa kwa mbili. Ya kwanza inatoa 42. Toa kila upande kwenye hiyo 42: 16, 14, 12. Zidisha 42 kwa 16 kwa 14 kwa 12, utapata 112,896, na kipeuo chake cha pili ni 336. Ya pili nusu yake ni 40, ukitoa pande unabaki na 15, 15 na 10, zao la hizo pamoja na 40 ni 90,000, kipeuo cha pili 300. Kiwanja ni mita za mraba 636. Arobaini zimepotea, yaani vyumba viwili vya mita 4 kwa 4 na bado kuna kinachobaki, na ungezilipia. Simu yoyote ina kikokotoo cha kufanya hesabu hii mkiwa bado mmesimama shambani, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishana.

Pima na ulalo wa pili, yaani kona kwa kona zile nyingine, uhesabu upya kwa pembetatu zile nyingine mbili. Majibu yakipishana sana, ama futi kamba ililegea ama kuna upande mmeusoma vibaya. Dalali akikuambia unachelewesha watu, mwache aende akanywe chai.

Kipimo chako hakikufanyi kuwa mpima, na hakizuii mgogoro wa mpaka. Kazi ya bikoni, zile alama za mpaka, mwachie mwenye leseni. Lakini hata yeye chimbuko la kazi yake ni hapahapa: kabla ya setilaiti, nchi zilipimwa kwa pembetatu zilizoungana kilima kwa kilima, na mnyororo mmoja mrefu wa namna hiyo ulifuata longitudo ya digrii 30 Mashariki kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukipita Afrika Mashariki. Ulikamilika mwaka 1954. Nguzo za zege zilizosimama peke yake juu ya baadhi ya milima yetu, ambazo watoto huambiwa zina madini chini, nyingi ni alama za upimaji wa namna hiyo.

Sasa kuseti nyumba, yaani kuweka alama za kuta ardhini. Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu ni kazi ya asubuhi moja na athari yake hudumu muda wote nyumba itakaposimama. Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 9. Vipimo hivi si vya bahati: tatu, nne, tano ukizizidisha kwa tatu ni 9, 12, 15. Pembetatu yenye pande hizo lazima iwe na kona ya nyuzi 90, kwa hiyo kona ya nyumba unaipata kwa futi kamba tupu, bila chombo kingine.

Vinavyohitajika ni futi kamba mbili za chuma au moja ndefu ya mita 50, uzi wa nailoni, vigingi vya mbao, misumari ya inchi mbili, timazi na pima maji. Futi kamba za plastiki zinazouzwa barabarani hurefuka zikivutwa. Ukiwa nayo hiyo tu, itumie moja tangu mwanzo hadi mwisho na uivute kwa nguvu ileile, walau kosa liwe sawa kila upande.

Anza na mstari wa mbele, ule unaotazama barabara, kwa umbali wa kutoka mpakani unaotakiwa na kibali chako. Piga kigingi cha kona ya kwanza, weka msumari juu yake. Pima mita 12, piga cha pili. Sasa mtu mmoja ashike sifuri kwenye msumari wa kwanza na mwingine sifuri kwenye wa pili. Fundi anachukua futi kamba zote mbili, anasogea mpaka ile ya kwanza isome mita 9 na ile ya pili isome mita 15 kwa wakati mmoja, zote zimekaza na zimelala sawa. Hapo zinapokutana ndipo kona ya tatu. Kona ya nne inatoka kwa mita 9 kutoka kigingi cha pili na mita 12 kutoka cha tatu. Kisha hakiki ulalo uliobaki: lazima usome 15.

Nyumba yako ikiwa na vipimo vingine, tafuta ulalo kabla ya kutoka nyumbani. Kwa 11.4 na 8.7: 11.4 mara yenyewe ni 129.96, 8.7 mara yenyewe ni 75.69, jumla 205.65, kipeuo cha pili ni mita 14.34. Iandike kwenye karatasi ya ramani, pembeni, kwa kalamu nene.

Mafundi wengi wanaijua 3-4-5, lakini wanaitumia ndogo mno. Utaona mtu anaweka alama sentimita 60 upande mmoja, 80 upande mwingine, anapima 100 katikati, anasema kona iko skwea. Sentimita moja ya kosa kwenye hiyo 100, na sentimita moja ni unene wa kigingi kilichoinama kidogo, inapotosha ukuta wa mita 12 kwa sentimita 25 ukifika mwisho. Kosa hilohilo kwenye pembetatu ya mita 3, 4 na 5 linapotosha sentimita 5. Kwenye 9, 12, 15 halifiki sentimita 2. Pembetatu kubwa husamehe, ndogo haisamehi. Ile skwea ya chuma anayotembea nayo fundi ni ya kona ya tofali na fremu. Ukimwona anasetia nyumba nayo, simamisha kazi, hata kama atanuna.

Jambo la pili ni mteremko. Futi kamba ikilala juu ya ardhi inayoshuka mita 1 katika mita 12, umbali halisi wa mlalo ni mita 11.96 tu. Sentimita 4 zimekwenda kabla hujachimba. Upande wa chini inua futi kamba mpaka iwe sawa na pima maji, ushushe timazi hadi kwenye kigingi. Mteremko ukiwa mkali, pima kwa vipande vifupi, hatua kwa hatua.

La tatu, ulalo mbili kuwa sawa hakutoshi. Umbo ambalo mbele ni mita 12 na nyuma ni 11.8, mbavu zikiwa zimeegemea ndani sawasawa, nalo lina ulalo mbili zinazolingana. Kwa hiyo hakiki ni ya vipimo sita: pande nne na ulalo mbili. Ukikosa kimoja hujahakiki kitu.

Vigingi vya kona vitang'oka siku ya kwanza ya kuchimba. Ndiyo maana uzi huhamishiwa kwenye profaili, yaani mbao zilizopigwa mita moja hivi nje ya mtaro wa msingi, zikiwa na misumari inayoonyesha mstari wa nje wa ukuta na upana wa msingi. Wakubaliane wote mapema msumari upi ni wa nini, au upake rangi. Tumeona ukuta wa sentimita 15 ukifuata msumari wa mtaro wa sentimita 60 na hakuna aliyegundua hadi kozi ya tatu ya tofali. Ulalo unapimwa kwenye mstari wa nje wa ukuta, kamwe si kwenye kingo za mtaro.

Rudia vipimo sita baada ya msingi kuinuka na jamvi, yaani zege la sakafu, kumwagwa, kabla ya tofali la kwanza la ukuta. Kosa la sentimita mbili au tatu bado linarekebishika hapo kwa kusogeza ukuta ndani ya upana wa msingi. Baada ya hapo halirekebishiki kwa pesa ya kawaida.

Na kosa lisiporekebishwa? Nyumba ya 12 kwa 9 ikipotoka nyuzi moja tu, ulalo mmoja unasoma mita 15.13 na mwingine 14.87. Nyuzi moja macho hayaioni. Unahamia, unapaka rangi, unafurahi, halafu anakuja fundi vigae. Katika chumba cha mita 4 anaanza na kigae kizima kwenye kona moja, na akifika kona nyingine mstari umeachana na ukuta kwa sentimita 7. Anakata vipande vyembamba vya kabari ukuta mzima, vigae vinaongezeka, na macho ya kila mgeni yanakwenda hapohapo. Kabati la ukutani nalo linaacha mwanya. Juu, mabati yanatoka kama meno kwenye ukingo wa paa. Hapo ndipo mwenye nyumba anapomgombeza fundi vigae ambaye hana kosa, wakati fundi aliyeseti msingi alishalipwa na kuondoka mwaka juzi. Hasira hiyo tumeishuhudia mara nyingi, na kwa kweli inaeleweka.

Kuta zinapopanda, pembetatu huonekana kama takataka za mbao na ndiyo maana hung'olewa mapema. Fremu ya mlango ya sentimita 90 kwa 210 inapokuja saiti ipime kona kwa kona: iwe sentimita 228.5 pande zote mbili. Kisha pigilia vipande vya mshazari kwenye kona zake mbili za juu na ubao wa kuzuia miguu chini isibanane. Vikae hivyo mpaka ukuta upite juu ya fremu na udongo wake ukauke. Mlango unaosugua sakafu upande mmoja mara nyingi haukukosewa na seremala. Fremu ililala wakati wa kujenga. Jukwaa vilevile. Mirunda ya wima na ya mlalo peke yake ni zile fito nne za mwanzo, tena zina watu na ndoo za zege juu. Kila upande wa jukwaa uwe na mrunda wa mshazari unaotoka chini hadi juu. Hapa hatubembelezi mtu, asiyefunga mshazari hapandi.

Paa ndilo pembetatu inayoonekana hata kwa asiyejua, na ndilo lenye hesabu nyingi za pesa. Nyumba yetu ina upana wa mita 9, tuseme paa la pande mbili, kofia, yaani mstari wa kileleni, ikikimbia na urefu wa mita 12. Nusu ya upana ni mita 4.5, na mbao inatoka nje ya ukuta sentimita 60 za mlalo. Kimo cha paa kinategemea mwinuko. Kwa nyuzi 15 kila mita moja ya mlalo hupanda sentimita 27, kimo kinakuwa mita 1.2 na mbao ya mshazari mita 5.28. Kwa nyuzi 25 kila mita hupanda sentimita 47, kimo ni mita 2.1, mshazari mita 5.63. Kwa nyuzi 30 ni sentimita 58 kwa mita, kimo mita 2.6, mshazari mita 5.89.

Zidisha mshazari kwa urefu wa paa, tuseme mita 13 ukihesabu nusu mita ya kutokeza kila mwisho, mara pande mbili. Nyuzi 15 inakula mita za mraba 137 za bati, nyuzi 30 inakula 153. Tofauti ya mita za mraba 16 si ndogo kwa bei ya bati, ila mteremko mdogo nao una deni lake: maji huenda polepole, upepo wa mvua huyasukuma kurudi juu kwenye maungio, na kila aina ya bati ina mwinuko wa chini ambao mtengenezaji ameuandika. Uulize dukani kabla ya kumwagiza fundi, kwa sababu kenchi, zile fremu za mbao za pembetatu zinazobeba paa, zikishapigwa mwinuko umeamuliwa.

Kitu kinachosahaulika kwenye bajeti karibu kila mara ni zile kuta mbili za pembetatu za mwisho wa nyumba. Upana mita 9, kimo mita 2.1, nusu ya zao lake ni mita za mraba 9.45. Mbili zinakaribia 19. Kwa tofali za inchi sita zilizosimamishwa ni kati ya 160 na 180, ukiweka na zinazokatwa mshazari. Tofali za nyumba hununuliwa kwa kuhesabu kuta za mstatili, zinaisha kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, halafu watu wanashangaa.

Sasa kenchi yenyewe. Mbao mbili za mshazari zikiegemezwa kileleni zinataka kuachana miguu. Kinachozizuia ni mbao ya chini, ile ya mlalo inayofunga miguu yote miwili. Mbao hiyo haibebi dari tu. Inavutwa muda wote mzigo wa bati uko juu. Ikikosekana, au ikikatwa, miguu inasukuma kuta nje na utaona ufa wa mlalo chini kidogo ya lenta. Watu huikata kwa sababu za ajabu: kupitisha bomba, kupata nafasi ya dari ya kupanda juu sebuleni, kuweka mlango wa kupandia darini. Wengine huitumia kama jukwaa la tangi la maji. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na hakuna kenchi ya kawaida ya mbao mbili kwa nne iliyofikiriwa kubeba hilo. Tangi lina mnara wake.

Mita 9 hazipatikani kwa ubao mmoja, kwa hiyo mbao ya chini itaungwa. Kiungo cha mbao inayovutwa hakitoshi kulaza ncha mbili pamoja na kupiga misumari mitatu. Ncha zikutane, kisha pande zote mbili wekewa vipande vya mbao vinavyozidi kiungo kwa sentimita 60 kila upande, misumari ikipishana isiwe kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mti, maana hupasua. Kiungo kisikae katikati kabisa ya nafasi, na viungo vya kenchi jirani visipangane. Ikiwa mita zote 9 hazina ukuta wa ndani wa kuegemea, usimwachie fundi aamue unene wa mbao kwa macho. Tafuta injinia. Ada yake utailalamikia mwezi mmoja.

Ndani ya pembetatu kubwa kuna ndogo ndogo: nguzo ya katikati na mishazari inayoinukia kwenye mbao za juu. Kanuni yake ni nyepesi kuisema na ngumu kuisimamia. Kwenye kila kiungo, mistari ya katikati ya mbao zote zinazokutana ipite sehemu moja. Fundi akisogeza mshazari sentimita 20 kando kwa sababu ubao ulikuwa mfupi, kiungo hakibebwi tena na pembetatu; kinabebwa na unene wa ubao unaopindwa, na baada ya misimu miwili ya mvua paa linaonyesha tumbo. Mbao mbichi huongeza tatizo: ikikauka husinyaa na msumari unabaki umelegea tunduni.

Kenchi ya kwanza ipigwe chini, juu ya jamvi, baada ya kuichora kwa chaki kwa vipimo kamili. Hiyo ndiyo kigezo. Zote zinazofuata zilazwe juu ya hiyo ya kwanza. Ukinakili ya pili kutoka ya kwanza, ya tatu kutoka ya pili, na kuendelea hivyo, unene wa penseli hujilimbikiza, na kofia inapanda na kushuka. Kwa nafasi ya mita 1.2 kwenye nyumba ya mita 12 utahitaji kenchi 11, si 10: nafasi kumi zina kingo kumi na moja. Kuta za mwisho zikibeba zenyewe papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, unaweza kupunguza mbili.

Kenchi zikishasimama, kuna mtego ambao hata mafundi wazoefu hupita juu yake. Kila kenchi ni imara kwa upande wake, kushoto na kulia. Kwa upande wa mbele na nyuma haina chochote. Papi zikipigwa juu yake zinaunda mistatili mitupu, na mistatili hulala, kama karata zilizosimamishwa kwenye mstari. Ndiyo maana upepo wa ghafla huangusha kenchi zote kabla ya bati kupigwa, na ndiyo maana paa lililomalizika bila mishazari huegemea upande mmoja polepole. Piga mbao za mshazari chini ya mbao za juu, kutoka kileleni kwa kenchi ya mwisho hadi juu ya ukuta kwenye kenchi ya tatu au ya nne, pande zote mbili za paa na miisho yote miwili. Ni mbao nne. Hatujawahi kuelewa kwa nini ndizo hupunguzwa pale bajeti inapobana. Zipigwe siku ileile kenchi zinapopandishwa, kwa sababu kenchi zilizoachwa usiku mmoja zikiwa zimeshikwa kwa ubao mmoja juu ni hatari kwa yeyote atakayepita chini.

Upepo pia hunyanyua. Kenchi ifungwe kwenye lenta kwa nondo zilizoachwa zikichomoza wakati wa kumwaga zege, au kwa mkanda wa chuma uliolala ndani ya zege. Waya ule mwembamba wa kufungia ringi ni wa kushikilia nondo zisihame tu. Hili likumbukwe siku ya lenta, si siku ya paa, maana baadaye itakubidi utoboe zege.

Anayetaka paa la pande nne ajue kona zake zina pembetatu nyingine. Mbao ya kona haitembei mita 4.5 za mlalo, inatembea 4.5 mara 1.414, yaani mita 6.36, na inapanda kimo kilekile cha mita 2.1. Mwinuko wake ni mdogo kuliko wa pande, na urefu wake bila kutokeza ni mita 6.70. Fundi akiikata kwa pembe ileile ya kenchi za katikati haikai, na kinachofuata ni kuichongachonga mpaka ikae kwa ubishi. Mabati ya pande hizo nayo hukatwa mshazari, vipande vya pembetatu vinabaki. Sehemu yake hurudi kutumika upande mwingine wa paa ikiwa fundi amepanga ukataji kabla ya kushika mkasi. Asipopanga, vyote huishia banda la kuku.

Limebaki geti. Geti la mbao la mlango mmoja likining'inia kwenye bawaba, uzito wake unataka kuliinamisha upande wa komeo. Ubao wa mshazari unaanza chini kwenye bawaba na kupanda hadi juu upande wa komeo, kwa sababu hapo unasukumwa, na ubao ulioshikwa kwa misumari hustahimili kusukumwa kuliko kuvutwa. Ukitumia waya au fimbo nyembamba ya chuma, mwelekeo unageuka: juu kwenye bawaba kushuka hadi chini upande wa komeo, kwa sababu waya huweza kuvutwa tu. Pita mtaani uangalie mageti yaliyolegea. Mengi yana mshazari kabisa, ila umepigwa kinyume. Kulirekebisha ni kung'oa ubao mmoja, kuinua geti kwa kabari mpaka kona kwa kona zisome sawa, na kuupiga tena kwa upande wa pili.